Aibu Ndogo Katika Gari



Huenda ukastaajabu kuona kwamba katika kurasa hizi, ulikozoea kusoma habari za sala, saumu na malezi ya watoto, mtu wa chuoni anakuandikia juu ya rejeta ya gari. Usistaajabu. Masheikh wetu waliotusomesha fikihi, tulipofika mlango wa biashara, walitusomesha habari za ngamia, kondoo na punda. Kwato zao, meno yao na maziwa yao, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa mali za watu na vipando vyao. Leo hapa Mtwara, kuanzia mjini na Mikindani mpaka Msimbati na vijiji vilivyo mlangoni mwa mto Ruvuma, kipando cha watu ni gari na pikipiki. Basi mlango ule ule wa biashara hauna budi kuzungumza habari za injini. Na katika aibu zote za gari, sijaona iliyo ndogo kwa macho na kubwa kwa hisabu kama rejeta inayovuja kidogo.

Nasema kidogo kwa makusudi. Rejeta ikipasuka hapana wa kubishana. Gari husimama, mvuke hupanda, dereva hushuka, na kila abiria amejua. Hiyo ni taabu, lakini si fitina. Fitina iko katika matone. Asubuhi unakuta mchangani, pale gari lilipolala, alama ya unyevu kiasi cha sahani. Jua likipanda inakauka, na mwenye gari akiulizwa husema ni umande. Huongeza chupa moja ya maji akaondoka. Baada ya wiki mbili ni chupa moja na nusu, naye amekwisha kuzoea, na jambo likizoeleka haliitwi tena aibu, huitwa tabia ya gari.

Mimi si fundi. Niliyoyajua nimeyasikia kwa mafundi gereji, ambao baadhi yao walisoma juzuu zao mbele yangu, nami nimeyapima kwa kupanda magari haya miaka mingi kwenda kufundisha. Wanasema hivi: ndani ya injini mafuta huwaka maelfu ya mara kwa kila dakika, na joto lake lingeharibu chuma chenyewe lau si maji. Pampu huyasukuma maji yapite kando ya silinda, yabebe joto, kisha yaende rejetani, yagawanyike katika vijia vyembamba, upepo na feni viyapoze, yarudi tena kazini. Mzunguko huu umefungwa. Mfuniko wa rejeta si kizibo tu kama cha chupa, bali una springi ndani yake, nao huyabana maji yapate shinikizo. Maji ya sufuria, hapa kwetu usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Yakibanwa namna ile, tena yakichanganywa na dawa ile ya rejeta iitwayo kulanti, yaweza kufika nyuzi 120 au karibu yake bila ya kuchemka.

Fahamu basi jambo ambalo wengi wameghafilika nalo. Tundu la sindano halipotezi maji peke yake, hupoteza na lile shinikizo. Maji yaweza kuwa bado ni mengi na gari likachemka. Kwa hiyo yule anayejitetea kwamba hapotezi zaidi ya kikombe kimoja kwa siku, anapima kwa kikombe kitu kisichopimwa kwa kikombe. Na gari likichemka sana, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, maji huingia katika oili, na oili ikawa kama chai ya maziwa. Hapo tena husemi habari ya tundu, wasema habari ya injini nzima. Wala usiuamini mno mshale wa joto, kwani kipimo chake kimewekwa kiguse maji. Maji yakiisha pale kilipo, mshale waweza kushuka ukaonyesha salama ilhali chuma kinaungua. Ni shahidi aliyekimbia kabla ya kuulizwa.

Sisi watu wa pwani hatukustahiki kufundishwa haya. Nahodha akiona maji yanazidi ngamani humwambia baharia ashike upo afue, na akifika pwani chombo hupandishwa, hukalafatiwa kwa pamba na mafuta, mbao iliyooza hutolewa. Sijapata kusikia nahodha mwenye akili anayejisifu kwamba chombo chake ni kizima kwa kuwa anaye baharia hodari wa kufua maji. Katika jahazi maji huingia na katika gari maji hutoka, lakini hukumu yake ni moja: kufua si kuziba, na kuongeza si kuziba.

Tena zitazame njia zetu. Unapoanza msimu wa korosho, mwezi wa Oktoba hivi, magari hupanda uwanda wa Makonde kwenda Tandahimba na Newala, yamejaa watu na magunia, injini inalia kwa gia ndogo na jua la vuli liko kichwani. Uwanda ule ardhi yake hunyonya maji ya mvua yakazama mbali, na wanawake wa huko tangu zama za mabibi zao wamejua kushuka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Mabomba yalipelekwa tangu wakati wa ukoloni, walakini shida haikwisha yote. Basi huyu dereva wa rejeta inayovuja husimama mbele ya nyumba ya watu akaomba ndoo moja. Hupewa, kwani kumnyima mwenye kiu maji ni jambo zito, na gari lenye abiria ni kama mwenye kiu. Lakini hebu ajiulize, ndoo ile iliyotoka bondeni kwa miguu ya mama wa watu, yeye anaimwaga barabarani kwa sababu hakutaka kumlipa fundi. Mara ya kwanza ni dharura. Mara ya kumi ni nini?

Na huku kwetu chini, upande wa bahari, maji si haba lakini yana chumvi. Visima vingi vya karibu na ufuko maji yake ni ya chumvichumvi, na dereva aliyekwama hutia hayo hayo. Chumvi hula chuma. Anazima kiu ya leo na kufungua tundu la mwakani. Watu husema kulanti ni ya nchi za baridi, ili maji yasigande, na Mtwara hakugandi kitu. Hilo la kuganda ni kweli, lakini dawa ile kazi yake ni zaidi ya hiyo: huzuia kutu na huchelewesha kuchemka, na haya mawili ndiyo tunayoyahitaji sisi.

Liko jambo jingine ambalo nataka akina mama walisikie, hata wale wasiokuwa na gari. Maji yale ya rangi, ya kijani au ya waridi, aghalabu hutengenezwa kwa kitu kiitwacho ethilini glaikoli, nacho ni sumu, tena ni sumu yenye ladha tamu. Paka huyalamba, mbuzi huyanywa, na mtoto mdogo anayetambaa huchovya kidole akatia mdomoni. Kiasi kidogo huharibu mafigo na huua. Gari linalotona mbele ya nyumba yako, au mbele ya chuo ambako watoto huvua viatu na kukaa chini, si shauri la mwenye gari peke yake. Sharia imetuwekea kanuni ya kuondosha madhara, na una haki ya kumwambia jirani yako asilaze gari hapo mpaka alitengeneze. Yaliyokwisha kumwagika yafunikwe mchanga, mchanga huo uzolewe, ukatupwe mbali na visima na mbali na mifugo. Na mtoto akiyanywa, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojwe aonyeshe dalili.

Na hili nalisema kwa haraka kwa kuwa linachoma watu kila siku: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Yale maji yaliyobanwa hurukia uso. Zima gari, kaa kivulini, subiri mpaka uweze kuugusa mfuniko kwa mkono bila ya kuusikia moto, kisha ufungue kwa kitambaa, polepole. Wala usimimine maji baridi ndani ya injini inayoungua, kwani chuma cha moto kikikutana na maji baridi hupasuka.

Sasa ziko dawa za njiani. Madereva wetu hutia yai, wengine pilipili manga, na nimesikia kwamba kule India madereva wa malori wametumia bizari ya manjano. Madukani zipo dawa za unga na za chupa za kuzibia. Zote hutenda kwa njia moja: vipande vyake huchukuliwa na maji mpaka penye tundu vikakwama hapo. Wanafunzi wamepata kuniuliza kama kutia yai katika rejeta ni israfu ya chakula. Nikawajibu kwamba yai moja la kumfikisha mama mjamzito hospitali ya Ligula si israfu. Lakini kitu kinachokwama penye tundu huweza pia kukwama katika vile vijia vyembamba pasipokuwa na tundu, na rejeta ikaziba, joto likazidi. Wanazuoni wanasema dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kadiri ya yai ni kukufikisha kwa fundi. Si kukupeleka Dar es Salaam na kukurudisha. Rejeta za zamani za shaba nyeupe na nyekundu fundi huzilehemu zikadumu miaka. Hizi za siku hizi, ambazo kati yake ni aluminiamu na kichwa chake ni plastiki, zikishapata ufa katika plastiki ni kubadilisha tu, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia muda.

Wapo wanaojibu haya yote kwa neno moja, tawakali. Kioo cha mbele kimeandikwa jina la Mwenyezi Mungu, tasbihi inaning'inia, na chini matone yanaanguka. Bwana Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, amfunge ndipo ategemee au amwache ategemee, alimwelekeza amfunge kisha ategemee. Na abiria nao wasijione wamo pembeni. Mtume ametupigia mfano wa watu waliomo chomboni, wengine juu na wengine chini, wale wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Wakiachwa huangamia wote, na wakizuiwa huokoka wote. Ukimwona utingo anashuka na dumu kila kituo, sema, "Mwanangu, gari hili lina nini?" Kuuliza si ugomvi.

Baada ya maneno haya, ndugu msomaji, nakuletea muamala mmoja uliopita katika kijiji kimoja cha njia ya Msimbati. Majina nayaacha, kwani wenyewe wako hai na watasoma.

Mzee mmoja alikuwa na gari dogo la abiria, akilaza usiku chini ya mwembe ulio ubavuni mwa msikiti. Alfajiri nyingi nilipokuwa nakuja kusalisha niliona ule unyevu mchangani, na nikimwona na chupa yake. Hilo lilikuwa lake. Kisha zikaja habari kwamba gari linauzwa. Mnunuzi ni kijana yatima ambaye baba yake aliacha shamba la mikorosho. Walikuwa wameuza sehemu ya shamba, yeye na dada zake wawili, wakakusanya fedha zao wakitaka kipando cha kuwapatia riziki. Bei ilikuwa shilingi milioni 8, na wangekamilishana Ijumaa. Kijana haijui injini. Alichokijua ni kwamba muuzaji ni mtu wa saffu ya mbele, na alimwamini kwa hilo.

Jumatano baada ya sala ya Isha nilimngoja mzee yule barazani.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "yule kijana umemwonyesha mahali panapovuja?"

"Sheikh, tundu lenyewe la sindano! Gari gani la mitumba lisilokuwa na kitu? Naye ana macho, na ana ruhusa ya kuleta fundi."

"Macho anayo. Lakini wewe unayo elimu, yeye hana."

"Basi mimi nauza kama lilivyo. Nitamwambia mbele ya watu: nimekuuzia kama lilivyo, aibu zote juu yako. Akikubali si halali hiyo?"

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitapaeleza. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho sisi Mashafii wa pwani hii hukitegemea, imo habari ya muuzaji anayeshurutisha kwamba hahusiki na aibu yoyote. Kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo humwokoa katika jambo moja tu: aibu iliyofichika ndani ya mnyama, naye muuzaji asiijue. Gari si mnyama, na tundu lile yeye alilijua kuliko alivyoijua nambari ya gari. Kwa hiyo maneno "kama lilivyo" kutoka kwa mtu anayejua hayamtoi katika dhima hata angeyasema mbele ya kijiji kizima. Tena imo humo kwamba aibu ikizuka mkononi mwa mnunuzi kwa sababu iliyotangulia kabla ya kupokea, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Injini ingeungua mkononi mwa kijana baada ya mwezi, na sababu yake ni tundu la mzee, hoja ingerudi mlangoni kwa mzee. Walakini na mnunuzi asilale: haki ya kurudisha ni ya papo hapo. Akiiona aibu kisha akaendelea kulitembeza gari na kuchukua nauli, ameridhika nayo, na haki yake imeanguka.

Nilimweleza haya. Mzee, ambaye naye alisoma, akacheka kidogo akasema, "Hata Nabii Khidhr alitoboa chombo, Sheikh."

Nikamwambia, "Alitoboa ili mfalme dhalimu akione kibovu akiache kwa wenyewe masikini. Aibu ile iliwekwa ionekane. Yako imewekwa isionekane."

Hapo akakasirika. Akasema ninamharibia biashara, na kwamba mambo ya sokoni si ya mihrabuni, na kuwa mimi nikimwambia kijana nitakuwa nimemsengenya. Neno la kuharibu biashara si jipya. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba sahaba Wathila bin al-Asqa alikuwa amesimama mahali, mtu akauza ngamia wake jike kwa dirhamu 300, mnunuzi akaondoka naye. Wathila akili yake ilikuwa mbali. Alipozindukana akamkimbilia yule mnunuzi akimwita, akamuuliza amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Akasema kwa kupanda. Akamwambia kwamba ameona tundu katika kwato yake, hataweza kuendelea na safari. Mnunuzi akarudi, muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100, akamlaumu Wathila kwamba amemharibia biashara yake. Naye akajibu kuwa walimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Tazama, msomaji: si muuzaji, si mnunuzi, hana senti katika muamala ule, na bado alikimbia. Na lile la kusengenya amelijibu Imam Nawawi mwenyewe katika Riyadh as-Salihin, alipotaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa aibu yake, mojawapo ikiwa kuwatahadharisha Waislamu wasidhurike.

Kwa hiyo nikamwambia mzee, "Mpaka Ijumaa neno hili ni lako. Ukimwambia wewe, ujira ni wako na heshima yako imebaki. Usipomwambia, nitamwambia mimi, tena mbele yako, si nyuma yako."

Akaondoka bila ya kuniaga. Alhamisi hakuonekana msikitini sala zote tano, na watu waliona pengo katika saffu. Sikufurahi. Kumfukuza mtu msikitini kwa ajili ya rejeta ni jambo linaloweza kumnyima mtu usingizi, na mke wangu aliniuliza kama palikuwa na haja. Lakini kila nilipopima, upande mmoja ulikuwa uso wa mzee na upande wa pili ulikuwa mali ya mayatima watatu, na mali ya yatima ni kitu ambacho Qur'ani imekitaja kwa vitisho vizito mno.

Ijumaa baada ya sala alikuja. Hakuniangalia. Akamshika kijana mkono mpaka chini ya mwembe, akafungua boneti mwenyewe, akamwonyesha weupe uliokauka chini ya rejeta na unyevu ulio mchangani, akamwambia, "Hapa panavuja, tangu Ramadhani." Kijana akanyamaza kitambo. Kisha wakazungumza bei upya, ikashuka kwa shilingi 400,000, wakapeana mikono kwa milioni 7 na laki 6 mbele ya mashahidi.

Kijana akalipeleka gari kwa fundi mjini Mtwara. Fundi huyo alikuwa mtu makini. Hakuanza kwa kulehemu. Aliosha rejeta, akaikausha yote kwa kitambaa, akatandaza karatasi nyeupe chini, akawasha injini akangoja ipate moto. Rejeta ilikuwa nzima! Maji yalitoka juu kidogo, katika klipu inayobana mpira wa chini, iliyolegea kwa kutu, yakateremka kwa kufuata ukingo wa rejeta yakadondokea mbele, ikadhaniwa ndipo yatokapo. Klipu mpya ilikuwa shilingi elfu chache. Kazi ya dakika 15. Nakushauri ufanye kama alivyofanya, na kabla ya kununua, si baada yake: kausha kwanza, weka karatasi usiku kucha, tazama rangi na mahali, ndipo uhukumu. Na ikiwa maji yanapungua na karatasi ni kavu, chunguza oili, kwani maji yanakwenda ndani.

Habari ikamfikia mzee. Jioni ile ile alikuja kwangu, safari hii alinisalimu.

"Laki nne, Sheikh! Laki nne kwa klipu! Nataka unihukumie, kijana anirudishie."

Nikamwita kijana. Akafika, "Shikamoo Maalim, shikamoo mzee," akakaa chini kwenye jamvi.

Nikamwambia mzee kwamba bei waliyopeana mikono ndiyo bei. Yeye aliuza gari linalovuja, na gari lilikuwa linavuja kweli. Hapakuwa na uongo wala kudanganyana. Nikamuuliza, "Lau fundi angekuta silinda hedi imepinda, ungempelekea kijana nyongeza?" Akatazama mlangoni. Kijana hadaiwi kitu.

Kijana akasema, "Maalim, je, nikitaka mwenyewe? Mzee aliniambia kweli, na angeweza kunificha. Nataka nimrudishie laki mbili."

Nikamwambia, kutoa ni ihsani yako, lakini fedha hizi si zako peke yako. Katika mirathi yenu wewe una nusu, na kila dada ana robo. Katika hizo laki mbili, laki moja ni yako, toa upendavyo. Elfu hamsini ni ya dada huyu na elfu hamsini ni ya yule, nao ni watu wazima wenye akili. Hutoi zao mpaka waridhie kwa nafsi zao, si kwa kukuonea haya wewe kaka yao. Kawaulize kila mmoja peke yake. Hayo ndiyo niliyoyaona, wallahu aalam.

Akaenda akawauliza. Mkubwa aliridhia. Mdogo alikataa, akasema mzee alikwisha kumsikia kijana akitaja shamba lao na bado alikusudia kunyamaza mpaka siku ya Jumatano. Na hiyo ni haki yake, sikumwita wala sikumsemesha. Mzee akapelekewa shilingi 150,000. Alizipokea, akazihesabu mara mbili, kisha akamuuliza kijana ile klipu ya zamani wameitupa au ipo.